Dawa, Kifo na Namba ya Chini

Uwezekano wa matukio mawili kutokea pamoja hupatikana kwa kuhesabu watu waliokutwa na yote mawili, kisha kugawanya idadi hiyo kwa jumla ya watu wote. Mfano mzuri ni jaribio la streptomisini lililochapishwa Uingereza mwaka 1948. Wagonjwa 107 wa kifua kikuu waligawanywa kwa bahati nasibu: 55 walipewa dawa na mapumziko ya kitandani, 52 mapumziko peke yake. Baada ya miezi 6, kundi la kwanza lilikuwa limepoteza watu 4, la pili 14.

Mgonjwa mmoja akichaguliwa kwa kura, uwezekano kwamba alipewa dawa na akafa ni 4/107, karibu 0.04. Uwezekano kwamba alipewa dawa au alikufa haupatikani kwa kujumlisha 55 waliopewa dawa na 18 waliokufa, kwa sababu wale 4 watakuwa wamehesabiwa mara mbili. Wakitolewa mara moja hubaki 69, na jibu ni 69/107, yaani 0.64.

Wengi hupotea kwenye uwezekano wenye sharti. Uwezekano wa kufa kwa aliyepewa dawa ni 4/55, yaani 0.07, kwa asiyepewa ni 14/52, yaani 0.27. Swali likigeuzwa, uwezekano kwamba aliyekufa alikuwa amepewa dawa ni 4/18, yaani 0.22. Watu ni wale wale 4. Kilichobadilika ni asili, namba ya chini ya sehemu. Anayesoma takwimu za tiba na aanze kwa kuuliza: kati ya nani?

Kanuni ya kuzidisha hufaa moja kwa moja pale tu matukio yasipotegemeana. Hapa 55/107 × 18/107 hutoa karibu 0.09, zaidi ya mara mbili ya 0.04 iliyoonekana. Pengo hilo ndilo ushahidi wenyewe kwamba dawa ilipunguza vifo.

Hata hivyo bakteria wa wengi waliopimwa katika kundi la dawa walikuwa sugu kwa streptomisini. Ndipo kuzidisha kunapookoa maisha, mgonjwa akipewa dawa mbili za kifua kikuu kwa pamoja, kama isoniazidi na rifampisini. Takribani bakteria 1 kati ya milioni 1 huwa sugu kwa isoniazidi bila hata kukutana nayo, na 1 kati ya milioni 100 kwa rifampisini. Mabadiliko hayo hutokea katika jeni tofauti, hayategemeani, hivyo usugu kwa dawa zote mbili ni 1 kati ya trilioni 100. Shimo lililochimbwa na ugonjwa pafuni huweza kubeba bakteria milioni 100: kati yao 100 hivi hushinda isoniazidi, mmoja rifampisini, na wa kushinda zote mbili ni nadra mno kupatikana. Lakini mgonjwa aliyeambukizwa bakteria ambao tayari ni sugu kwa isoniazidi amebadilisha sharti. Kwake uwezekano unarudi 1 kati ya milioni 100, na bakteria huyo mmoja yumo shimoni.