"Ulivuma" na "Ulikuwa Ukivuma": Hali ya Kuendelea katika Wakati Uliopita

Kitenzi vuma hutaja mwendo wenye nguvu na kishindo: upepo huvuma, mawimbi huvuma. Kinapotumiwa katika wakati uliopita, waandishi wengi wa insha huridhika na umbo "ulivuma" pekee. Mazoea hayo hufifisha maana ambayo sarufi ya Kiswahili ina njia mahususi ya kuibainisha.

Zitazamwe sentensi hizi:

(a) Nahodha alipotweka tanga, upepo wa kusi ulivuma.
(b) Nahodha alipotweka tanga, upepo wa kusi ulikuwa ukivuma.

Katika (a), kiambishi -li- hulileta tukio likiwa zima, na kwa kawaida msomaji huelewa kwamba upepo ulianza tanga lilipokwisha kutwekwa. Katika (b), upepo ulikuwa umeshaanza, na tanga likatwekwa katikati ya uvumaji wake. Jahazi likizama, nahodha wa (a) amefikwa na msiba. Nahodha wa (b) ana swali la kujibu. Tofauti hiyo yote imebebwa na umbo la kitenzi.

Umbo la (b) lina vitenzi viwili. Kitenzi kisaidizi, kuwa, hubeba njeo kupitia -li-. Kitenzi kikuu hubeba hali ya kuendelea kupitia -ki-. Kila kimoja huchukua kiambishi chake cha upatanisho: upepo ulikuwa ukivuma, mawimbi yalikuwa yakivuma, ngoma zilikuwa zikivuma. Ukanushi huangukia kitenzi kisaidizi: upepo haukuwa ukivuma.

Kiambishi -ki- hapa kisichanganywe na -ki- ya masharti. "Upepo ukivuma, jahazi litayumba" ni sharti. Lakini katika "Mabaharia waliusikia upepo ukivuma", -ki- haina sharti lolote. Inaonyesha tendo lililokuwa likiendelea liliposikika. Umbo "ulikuwa unavuma" nalo ni sahihi na husikika sana katika mazungumzo, ingawa lugha ya kifasihi huelekea zaidi kwenye -ki-.

Hivyo basi, katika usimulizi, -li- na -ka- huusogeza mkondo wa matukio mbele, ilhali muundo wa -likuwa...-ki- huyatandika mazingira ambamo matukio hayo hutokea. Mwandishi anayeandika "ulivuma" mahali pa "ulikuwa ukivuma" hakosei upatanisho wala tahajia. Anabadilisha kisa chenyewe.