Masizi ya Kope na Moshi wa Jikoni

Wanja wa nyumbani huanza na pamba, na katika vijiji vya Shinyanga pamba haitafutwi dukani. Mauzo yakishakwisha hubaki vibonge vichache kwenye kona za ghala. Mwanamke huchukua kimoja, akakisokota juu ya paja mpaka kiwe utambi mnene, akauloweka katika mafuta ya nyonyo na kuulaza ndani ya kibakuli cha udongo, ncha ikitokeza kidogo ukingoni. Kushoto na kulia huweka tofali. Juu ya matofali hufunika bakuli la bati au kigae kisafi, kwa kimo ambacho, utambi ukiwashwa, ncha ya mwali inaligusa kwa shida.

Ufundi wote uko kwenye kimo hicho. Bakuli likiwa juu mno, moshi unatawanyika na kupotea. Likiwa chini mno, mwali unakosa hewa na kuzima. Likikaa sawasawa, saa mbili au tatu baadaye ndani yake huwa pametanda masizi laini, meusi ti, yasiyo na chembe. Hukwanguliwa taratibu kwa unyoya wa kuku, ndani ya nyumba, mlango umerudishwa, kwa maana upepo mdogo tu unatosha kuyarusha yote yakaishia kwenye kanga. Kisha hutiwa tone la samli isiyo na chumvi, hukorogwa kwa ncha ya kijiti kilicholainishwa, na kuhifadhiwa katika kikopo chenye kifuniko. Samli ikizidi, wanja utachuruzika jua likishapanda, na jua la Shinyanga si la kubembelezwa. Ikipungua, wanja utakwaruza kope. Mwanamke aliyezoea hupima kwa kuusugua kati ya kidole gumba na cha shahada.

Mafuta yenyewe yana kazi yake. Mbegu za nyonyo hukaangwa kidogo, hutwangwa, kisha huchemshwa kwa maji mengi mpaka mafuta yaelee yaenguliwe. Makapi yanayobaki hayawi chakula cha kuku wala mbuzi, kwani sumu ya mbegu hiyo haitoki pamoja na mafuta. Sehemu yake kubwa hubaki humo. Hufukiwa mbali na watoto. Wapo wanaotafuta njia ya mkato kwa kutumia kibatari cha mafuta ya taa. Kibatari kinatoa masizi mengi kwa muda mfupi, lakini masizi hayo yananuka na yanawasha, na mtu akishaona jicho lake linatoa machozi kutwa nzima hana haja ya kuambiwa kwa nini.

Nimeanza na pamba, nyonyo na samli kwa sababu ni mali ya nchi hii yenyewe. Usukuma ni nchi ya ng'ombe na pamba, na kila kinachohitajika kutengeneza wanja kimo uani. Hata hivyo wanja haukuwa pambo kuu la Wasukuma wa zamani. Wao walijipamba kwa shanga, kwa bangili za waya wa shaba mikononi na miguuni, kwa chale, na kwa mwili uliopakwa mafuta ukang'ara. Wanja ni desturi ya pwani, na kabla ya hapo ya Uarabuni. Ulifuata njia za misafara hadi Tabora, ambako Waarabu walikuwa na makazi tangu katikati ya karne ya 19, na kutoka hapo ukasambaa pamoja na kanga, udi na hina katika miji midogo ya kaskazini. Leo hakuna anayeuona kuwa wa kigeni.

Msimu wa wanja ni kiangazi, mavuno yakishaingia ghalani. Hapo ndipo vikundi vya Bagika na Bagalu hushindana kwa ngoma, mashindano ambayo Wasukuma huyahesabu tangu mahasimu wawili wa karne ya 19, Ngika na Gumha, waganga ambao kila mmoja alijinadi kuwa dawa yake ya kuvuta watu ndiyo kali. Ngoma mbili hupigwa kwa wakati mmoja, upande huu na upande ule, na mshindi ni yule aliyekusanya umati mkubwa zaidi. Kwa hiyo mchezaji hujipamba ili avute macho ya watu. Huko Bujora, karibu na Mwanza, sikukuu ya Bulabo ya mwezi Juni imeyaweka mashindano hayo kwenye kalenda ya kila mwaka, na ukisimama karibu na wacheza ngoma utaona jasho na vumbi vinavyoshindana na wanja usoni.

Upande wa Geita hali ni tofauti kidogo. Dhahabu imekusanya watu kutoka kila pembe: Nyarugusu, Mgusu na Rwamgasa wanakaa Wasukuma, Waha, Wakurya, watu wa Tanga na watu wa Kongo, na kila mmoja amekuja na namna yake ya kujiremba. Wanawake wa huko hawashuki sana ndani ya maduara, yaani mashimo ya uchimbaji. Kazi yao iko juu: kuponda mawe kwa nyundo, kuchekecha, kuosha marudio (mchanga uliokwisha kuchenjuliwa), kupika na kuuza chakula. Karasha likisaga mawe, vumbi lake jeupe hulala kwenye nyusi na kope za kila aliye karibu. Jioni vumbi hilo huoshwa, na wanja hupakwa. Sioni ubatili wowote katika jambo hilo. Mtu aliyeshinda akipigwa na vumbi la mwamba ana haki ya kujitazama kwenye kioo na kujikuta bado ni yeye.

Tatizo la machimbo ni kwamba hakuna mwenye saa tatu za kungojea utambi wa nyonyo. Wanja hununuliwa gengeni, na hapo ndipo penye hatari. Wanja wa manga wa asili huelezwa kuwa jiwe la ithmidi lililosagwa, yaani antimoni. Lakini mawe mengi yanayosagwa na kuuzwa kwa jina hilo duniani ni galena, madini ya risasi yenye mng'aro uleule wa kijivu. Vipimo vya maabara katika nchi nyingi vimekuta wanja ambao zaidi ya nusu ya uzito wake ni risasi, na Marekani imeuzuia usiingizwe nchini humo. Kwa macho huwezi kutofautisha. Kwa bei pia huwezi.

Watu wa Geita hawahitaji kufundishwa kwamba jiwe linaweza kuficha sumu. Katika baadhi ya miamba dhahabu hukaa pamoja na risasi, na mwaka 2010 ulimwengu uliona matokeo yake huko Zamfara, kaskazini mwa Nigeria. Wachimbaji wadogo waliyapeleka mawe nyumbani, wanawake wakayasaga uani kwa mashine za nafaka, na mamia ya watoto wakafa kwa sumu ya risasi. Kwetu adui anayejulikana zaidi ni zebaki, ambayo huchanganywa na mchanga wa dhahabu kwa mikono mitupu na kuchomwa kwenye moto wa mkaa, mara nyingi hatua chache kutoka kwenye sufuria ya ugali. Mkataba wa Minamata uliopitishwa mwaka 2013, ambao Tanzania nayo imeuridhia, uliweka tarehe ya kuondoa vipodozi vyenye zebaki, lakini mwanzoni uliviachia vipodozi vya macho mlango wazi pale zebaki inapotumika kama kihifadhi. Mlango huo uliamuliwa kufungwa mwaka 2023. Kwa hiyo miaka yote hiyo, kiungo chenye ngozi nyembamba kuliko vyote ndicho kilichosamehewa.

Halafu kuna watoto wachanga. Kuanzia Unguja hadi Kahama, mama humchora mwanawe nyusi kwa wanja, na wengine humtia doa kwenye paji la uso ili kijicho kimpite. Ni desturi ya upendo na sitaki kuibeza. Ila mtoto hujisugua uso kisha hutia vidole mdomoni, na wataalamu wa Shirika la Afya Duniani wanasema hakuna kiwango cha risasi kilicho salama kwake. Anayetaka kuidumisha desturi hii atumie masizi ya nyonyo aliyoyatengeneza mwenyewe, tena kwenye nyusi tu. Ndani ya jicho la mtoto haupaswi kuingia wanja wa aina yoyote, hata huo.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo kwangu ndilo zito, na ambalo huwezi kuzungumza juu ya urembo wa macho Usukumani ukaliruka. Nchi hiihii inayolisifu jicho la msichana lililopakwa masizi, kwa miaka mingi imelihukumu jicho la bibi lililofanywa jekundu na moshi. Bibi mwenye macho mekundu aliitwa mchawi. Mpiga ramli chonganishi alimtaja, usiku wakaja watu wenye mapanga, na asubuhi kijiji kikajifanya hakikusikia.

Wekundu ule una historia, tena historia ya miti. Katika miaka ya 1920 serikali ya kikoloni, chini ya usimamizi wa Charles Swynnerton, iliwakusanya maelfu ya watu wa Shinyanga kufyeka misitu ili kufukuza mbung'o. Pamba ikafuata na kudai mashamba zaidi, mifugo ikaongezeka, na uhamisho wa watu kwenda vijiji vipya katika miaka ya 1970 ukawatenga na ngitili zao, yaani malisho yaliyofungwa yakajiotea miti. Kuni zikawa adimu mpaka wanawake wakageukia walichobakiwa nacho: mabua ya pamba yaliyong'olewa shambani, na kinyesi cha ng'ombe kilichokaushwa. Kinyesi kinawaka, lakini kwa moshi mzito, wa manjano, unaokaa ndani ya nyumba isiyo na dirisha na kutafuta njia kupitia kwenye nyasi za paa. Mwanamke aliyeinama juu ya moshi huo tangu akiwa binti hadi anakuwa bibi, miaka arobaini au hamsini, atakuwa na macho gani? Ongeza ugonjwa wa vikope, ambao hugeuza kope zikaingia ndani na kukwaruza mboni, na jibu liko wazi.

Mtafiti Simeon Mesaki wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alikusanya takwimu za mauaji yanayohusishwa na uchawi Tanzania Bara kati ya mwaka 1970 na 1984. Waliouawa walikuwa zaidi ya 3,600, na karibu theluthi mbili waliuawa Usukumani, wengi wao wanawake. Serikali ilipojaribu kuyakomesha mauaji hayo kwa nguvu, watuhumiwa waliteswa na baadhi wakafia mikononi mwa vyombo vya dola huko Shinyanga na Mwanza. Mwaka 1977 Ali Hassan Mwinyi, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, alijiuzulu kwa kubeba dhamana. Sheria ya uchawi ilikuwapo tangu mwaka 1928. Mwaka 2015 wapiga ramli walipigwa marufuku, safari hii baada ya mauaji ya watu wenye ualbino, ambayo mengi yalitokea katika ukanda huuhuu wa ziwa na machimbo, ambako mtu anayetafuta bahati ya dhahabu huuziwa uongo kwa bei ya roho ya mwenzake.

Naamini sheria ni lazima, na wauaji wafungwe. Lakini kazi iliyogusa chanzo ilifanywa na watu waliotazama jiko. Kuanzia mwaka 1986 mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, uliirudisha desturi ya ngitili kwa kuwaachia wanavijiji wenyewe wafunge maeneo yao kwa kanuni walizozijua tangu kwa babu zao; zaidi ya hekta 300,000 zilirudi kuwa na miti, na umbali wa kufuata kuni ukapungua. Wilayani Magu, mashirika ya kutetea wazee yakaanza kuwajengea wanawake wazee majiko yanayotumia kuni kidogo na kupunguza moshi. Jiko la namna hiyo ni udongo wa kichuguu, mchanga, maji na matofali. Lenye bomba la kupenya ukutani ndilo bora. Hakuna hirizi humo. Macho ya bibi yakipata nafuu, mpiga ramli anakosa cha kunyooshea kidole.

Mwaka 2024 taifa lilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania waitumie ifikapo mwaka 2034. Mabango yake mengi yanaonyesha mtungi wa gesi. Mtungi ni jambo jema kwa mama lishe wa Geita mjini, mwenye duka la kuujaza mtaa wa pili. Kwa bibi anayeishi peke yake ndani ya Kishapu au Nyang'hwale, ambaye mtungi ukiisha hana wa kumpelekea barabarani, jiko la udongo lenye bomba bado ndilo linaloweza kumfikia mwaka huu.

Wasichana wanaojifunza wanja uani kwa bibi zao wanaweza kuanza na jiko hilo. Wanajua tayari jinsi moshi unavyopanda, kimo gani unakusanyika, na wapi hewa inaingia. Ndiyo elimu ileile ya kupandisha bomba. Matofali yako palepale, udongo uko nyuma ya nyumba, na ujenzi hauzidi siku mbili kabla ya kuuacha udongo ukauke. Bibi ambaye macho yake yameshaanza kuwasha na kutoa usaha apelekwe zahanati wakati jiko linakauka. Vikope hutibika kwa azithromaisini au marhamu ya tetrasaiklini, na kope zilizokwisha kugeuka hunyooshwa kwa upasuaji mdogo. Na kijiti cha wanja kila mtu awe na chake, bibi na mjukuu wasichangie, kwa kuwa vikope huhama kutoka jicho moja hadi jingine kwa kila kinachoyagusa.