Vumbi la Prieska

Huko Prieska, Afrika ya Kusini, watoto walikanyaga nyuzi za amianti ndani ya magunia, nao mama zao waliponda mawe yake. Vumbi lilikaa mapafuni. Ugonjwa huonekana baada ya miaka 20, hata 40. Kumbe, kampani Cape ya Uingereza ilikwisha kuondoka mwaka 1979! Wagonjwa wakaifuata kwao. Mwaka 2000 baraza kuu la London liliwaruhusu watu zaidi ya 3,000 kushitaki huko huko, kwa maana nchini mwao hawakuwa na fedha za kuwalipa mawakili. Mwaka 2003 wagonjwa 7,500 walipatana kulipwa paundi milioni 7.5. Tumegawanya: paundi 1,000 kwa mtu. Kidogo mno! Nanyi mliofanya kazi penye vumbi hilo, mwambieni mganga, na karatasi zenu za kazi msizitupe: wakili ataziuliza kwanza.