Maji ya tangi la samaki yakigeuka kijani, usiyamwage yote

MAJI ya tangi la samaki lenye mimea yanapogeuka kijani, wafugaji wengi wa mijini hufanya jambo moja: humwaga maji yote, husugua changarawe, huosha chujio kwa maji ya bomba, kisha hujaza upya.

Siku chache baadaye baadhi ya samaki huanza kufa, na ukijani hurejea.

Sababu ni kwamba usafi wa namna hiyo huangamiza bakteria wenye manufaa wanaoishi katika chujio na changarawe. Bakteria hao huigeuza amonia, sumu itokanayo na taka za samaki na mabaki ya chakula, kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, kisha kuwa nitrati, ambayo madhara yake ni madogo na ambayo mimea huitumia kama chakula. Katika tangi jipya, huhitaji wiki 4 hadi 6 kufikia idadi ya kutosha.

Mwani, yaani viumbe wa majini wanaoleta ukijani huo, hustawi pale mwanga na virutubisho vinapozidi mahitaji ya mimea. Kwa hiyo ni dalili, na tiba yake ni kurejesha uwiano.

Kwanza, tangi lisiwekwe dirishani penye jua, na taa iwashwe kwa saa 6 hadi 8 tu kwa siku. Pili, samaki wapewe chakula wanachoweza kukimaliza katika dakika 2.

Tatu, robo ya maji ibadilishwe kila wiki. Maji ya bomba yenye klorini yakae katika ndoo iliyo wazi kwa saa 24, au yatiwe dawa ya kuondoa klorini. Sponji ya chujio isuuzwe kwa maji yaliyotolewa tangini, kamwe si ya bomba.

Nne, ipandwe mimea ikuayo haraka, kama Ceratophyllum, inayomea pia katika Ziwa Victoria. Mimea hiyo huunyang'anya mwani virutubisho.

Rangi nayo huelekeza tiba. Utando wa kahawia katika tangi jipya kwa kawaida hutoweka wenyewe. Maji ya kijani kama supu yanaweza kusafika tangi likifunikwa kwa kitambaa kizito kwa siku 3.

Utando wa kijani-buluu, wenye utelezi na harufu mbaya, si mwani halisi bali ni bakteria. Huo unyonywe kwa mpira na kutupwa, kisha mzunguko wa maji uongezwe.

Tahadhari ni hewa. Maji yenye joto la nyuzi 25 za Selsiasi hubeba takriban miligramu 8.3 za oksijeni kwa lita, lakini yakifika nyuzi 30 hubaki takriban miligramu 7.6. Usiku mimea na mwani hutumia oksijeni badala ya kuitoa, na mwani unaooza huipunguza zaidi. Pampu ya hewa isizimwe tangi linapofunikwa.

Samaki wakionekana wakihema juu ya maji alfajiri, suala la ukijani lisubiri. Mfugaji asimamishe chakula, aongeze hewa na abadilishe robo ya maji siku hiyo hiyo.