Tusimsingizie Paka

Mtu apitaye Kimihurura wakati wa jioni, si mbali na Wizara ya Ulinzi, hupokewa na harufu ya nyama ya kuchoma. Mishikaki ya mbuzi ipo, na ile nyama ya nguruwe ambayo wenyeji huiita akabenzi ipo pia. Chini ya meza paka wanangoja mifupa. Kwa mwanamke mjamzito, paka huyo na nyama hiyo vina uhusiano usioonekana kwa macho, nao ni kidudu kiitwacho toksoplasma.

Kidudu hiki kiligunduliwa mwaka 1908, na Nicolle na Manceaux mjini Tunis na, katika mwaka huo huo, na Splendore nchini Brazili. Hutaga mayai yake katika utumbo wa jamii ya paka peke yake, lakini hujificha miaka mingi ndani ya nyama ya mbuzi, kondoo na nguruwe. Mtu mwenye afya akiambukizwa aghlabu hahisi lolote, au hupata homa ndogo na kuvimba tezi za shingo. Baadaye mwili hujijengea kinga. Mwenye hatari ni mwanamke anayeambukizwa kwa mara ya kwanza akiwa na mimba, maana kidudu hupenya kondo la nyuma na kumfikia mtoto. Katika miezi ya kwanza hilo hutokea kwa nadra, lakini likitokea madhara ni makubwa: mimba kuharibika, au mtoto kuzaliwa na maji kichwani. Katika miezi ya mwisho maambukizo hupita kwa urahisi zaidi, na mtoto huzaliwa akionekana mzima, kumbe macho yake yaweza kuharibika miaka mingi baadaye.

Uchunguzi uliotangazwa mwaka 1995 ulionyesha kuwa asilimia 35 ya wajawazito waliopimwa Dar es Salaam walikwisha kuambukizwa. Msikilizaji aweza kuwapongeza wale 65 waliosalia. Hao ndio wasio na kinga! Hapa Kigali pia, uchunguzi uliotangazwa mwaka 2017 uliwakuta walio wengi katika hali hiyo hiyo.

Wapo wanaodhani dawa yake ni kumfukuza paka, na kambini hakosekani wa kupendekeza risasi. Fikira hiyo haina msingi. Paka hutoa mayai ya kidudu kwa muda wa wiki moja hadi tatu hivi, na kwa kawaida mara moja tu maishani. Mayai hayo hayawezi kumwambukiza mtu mpaka yakae siku moja hadi tano. Basi kinyesi kikizolewa kila siku, na mume badala ya mkewe mjamzito, hatari hupungua sana. Na ghala lisilo na paka, panya wake nani atawakamata?

Wataalamu walipowachunguza wajawazito katika miji sita ya Ulaya, walikadiria mwaka 2000 kwamba kati ya asilimia 30 na 63 ya maambukizo yalitokana na nyama isiyoiva vizuri, na asilimia 6 hadi 17 yalitokana na udongo. Kuishi na paka hakukuonekana kuongeza hatari. Kwa hiyo mwenye kumletea mkewe mishikaki ambayo ndani bado ni myekundu amemletea hatari kuliko mwenye kufuga paka. Nyama na iive mpaka katikati, isionjwe ikiwa mbichi, na kisu kilichoikata kioshwe kabla ya kukata kachumbari.

Udongo nao usisahauliwe. Penye unyevu mayai yale huishi zaidi ya mwaka mmoja. Askari wa kike mwenye mimba akishika jembe katika umuganda wa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, avae glavu na kunawa kwa sabuni kabla ya kula. Mboga za bustani zioshwe vema, na maji yachemshwe.

Ufaransa ilianza mpango wa taifa wa kupima damu kwa ajili ya ugonjwa huu mwaka 1978. Popote alipo, mjamzito mwenye homa na tezi zilizovimba amweleze mganga umri wa mimba yake na alichokula, kwa sababu dawa zipo, na ile ifaayo miezi ya mwisho yaweza isifae miezi ya kwanza.