Gobori la Kisasa (2): Kuchagua la Kwanza

Gobori ni bunduki inayoshindiliwa kupitia mdomo wa mtutu: baruti hutangulia, risasi hufuata, na mdeki huzisukuma hadi chini. Katika gobori la kale moto ulitoka ubavuni. Jiwe la gumegume liligonga chuma, au nyundo ikaponda fataki iliyovikwa juu ya kifa, na mwali ukapita kwenye tundu jembamba na kukata kona kabla ya kuifikia baruti. Gobori la kisasa limeihamishia fataki nyuma kabisa ya mtutu, katika mstari mmoja na baruti na risasi, hivyo mwali hauna kona ya kukata. Umbo hilo lilipata soko kubwa nchini Marekani baada ya Tony Knight, fundi bunduki wa Missouri, kutoa bunduki yake ya MK-85 mwaka 1985. Kwa wasomaji wengi wa Afrika Mashariki neno gobori huleta picha ya bunduki iliyofuliwa na mhunzi kijijini. Hili la kisasa ni la kiwandani, lenye mifereji ndani ya mtutu, na mara nyingi lina darubini juu yake.

Soko hilo lilikuzwa na sheria za uwindaji. Majimbo mengi ya Marekani hutenga msimu wa kuwinda kulungu kwa magobori peke yake, na anayemiliki gobori hupata siku za ziada porini, pengine kabla wenye bunduki za kawaida hawajaruhusiwa kuingia. Kwa hiyo mnunuzi wa mara ya kwanza aanze na kitabu cha kanuni za jimbo lake, bei zifuate. Pennsylvania ina msimu wa baada ya Krismasi ulio wa gumegume tu. Gobori la kisasa, hata liwe ghali namna gani, halina kazi siku hizo. Colorado hulikubali gobori la kisasa katika msimu wake maalumu, lakini imekataa darubini, vidonge vya baruti na risasi zilizovikwa kikombe cha plastiki. Idaho imekuwa kali zaidi, kwani hutaka fataki na nyundo vionekane wazi kwa nje. Kanuni hizi hurekebishwa mara kwa mara, na kitabu cha mwaka uliopita hakitoshi.

Baada ya sheria huja kipenyo cha mtutu. Hapa hakuna la kuhangaikia sana: .50, yaani nusu inchi au milimita 12.7, ndicho kipenyo kilichoenea, na risasi zake hupatikana karibu kila duka la wawindaji. Linalostahili kuulizwa ni msokoto wa mifereji. Mtutu ambao mifereji yake hukamilisha mzunguko mmoja katika inchi 28 umekusudiwa risasi ndefu za kisasa, zile za greni 240 hadi 300 zinazovikwa kikombe cha plastiki. Mzunguko mmoja katika inchi 66 ni wa gololi ya risasi iliyofungwa kitambaa, kama walivyotumia wawindaji wa kale. Risasi ndefu ikipita katika msokoto huo wa polepole haitulii hewani.

Sehemu inayostahili kukaguliwa kuliko zote ni nyuma ya mtutu. Magobori ya kisasa ya mwanzo yalikuwa na chuma kinachorudishwa nyuma kwa springi na kuruka mbele kuiponda fataki. Mvua na masizi viliingia humo kwa urahisi. Baadaye yakaja yenye boliti, na sasa yameenea yanayokunjika katikati, ambamo fataki hupachikwa na kutolewa upesi. Fataki yenyewe kwa kawaida ni ile ya namba 209, inayotumika katika risasi za shotigani. Vyovyote liwavyo umbo, kizibo cha nyuma lazima kifunguke, na ni bora kifunguke kwa mkono bila bisibisi wala spana. Baruti nyeusi, mchanganyiko wa shura, mkaa na kiberiti, huacha chumvi zinazonyonya unyevu wa hewa na kuanza kuula mtutu upesi, wakati mwingine usiku huohuo. Kizibo kikitoka, mtutu husuguliwa toka upande mmoja hadi wa pili kwa maji ya moto na sabuni, hukaushwa, hupakwa mafuta. Kizibo nacho hupakwa grisi ya kuzuia kugandamana kabla ya kurudishwa. Chuma kisichoshika kutu hurahisisha kazi hiyo lakini hakiiondoi. Mwenye kuona usafi ni adhabu atafute bunduki ya aina nyingine.

Kuhusu baruti, mbadala kama Pyrodex na Triple Seven huuzwa za unga na za vidonge. Vidonge ni vyepesi kwa mgeni, kwani viwili vya greni 50 hufanya kipimo kamili, lakini unga hutoa nafasi ya kupunguza au kuongeza kidogo kidogo mpaka mtutu uonyeshe kipimo unachokipenda. Blackhorn 209 huacha masizi machache, ila huhitaji fataki yenye mwali mkali. Zote hupimwa kwa ujazo, kamwe si kwa uzito wa mizani bila maelekezo ya mtengenezaji. Baruti isiyo na moshi ya risasi za kawaida haiingizwi katika gobori, isipokuwa lile lililoundwa na kuandikwa hivyo na kiwanda. Kosa hilo hupasua mtutu usoni pa mpigaji.

Hatari nyingine ni risasi isiyofika chini. Ikibaki pengo kati yake na baruti, mtutu waweza kuvimba au kupasuka, na anayeshindilia mara ya pili bila kukumbuka ya kwanza hujitafutia balaa lilelile. Dawa yake haigharimu kitu: bunduki ikiwa tupu, mdeki huingizwa mpaka mwisho na kuchorwa alama usawa wa mdomo wa mtutu; kisha huchorwa ya pili bunduki ikiwa imeshindiliwa sawasawa.