Warukaji wa Miavuli na Ndege Wazipendazo

Msafiri wa kawaida huihukumu ndege kwa mambo anayoyaona akiwa kitini: ulaini wa kiti, utulivu wa injini, ukubwa wa dirisha. Mrukaji wa mwavuli huihukumu kwa mizani nyingine kabisa. Yeye hupanda ndege ambayo hana nia ya kutua nayo. Kwake ndege ni ngazi ya kumfikisha juu. Na ngazi njema ni ile inayompandisha upesi, inayompa nafasi ya kutoka bila kujigonga, na isiyopinduka wakati watu wanapojongea ukingoni. Ndiyo maana katika viwanja vya mchezo huu, huko Marekani, Ulaya na kwingineko, mabishano juu ya ndege ipi iliyo bora hayaishi, na mara nyingi zinazosifiwa ni zile ambazo mtu mwingine angeziona kuwa za sura mbaya. Mabishano hayo yaonekana kuwa ya mapenzi tu. Hata hivyo ndani yake mna fizikia ya shule ya sekondari, na mna jambo moja ambalo likipuuzwa huua watu.

Ndege iliyowalea warukaji wengi ni Cessna 182, iliyotoka kiwandani Marekani kwa mara ya kwanza mwaka 1956. Matoleo yake ya zamani yana injini moja ya pistoni yenye nguvu farasi 230. Bawa lake liko juu ya chumba, na viti vyote isipokuwa cha rubani huondolewa, ili warukaji wanne waketi sakafuni wakiwa wamebanana magoti. Kipenzi cha wengi katika viwanja vikubwa ni Twin Otter ya kampuni ya de Havilland Canada, iliyoruka mara ya kwanza tarehe 20 Mei 1965. Ina injini mbili za turbini na hubeba warukaji ishirini au zaidi kidogo. Msomaji wa Afrika Mashariki huenda anaijua kwa kazi nyingine, kwani Twin Otter, pamoja na Cessna Caravan yenye injini moja ya turbini, zimeshusha watalii na abiria kwa miaka mingi katika viwanja vifupi vya changarawe vya Tanzania na Kenya. Sifa inayoziwezesha kutumia uwanja mfupi, yaani kubaki angani kwa mwendo mdogo bila kuanguka, ndiyo hiyo hiyo inayompendeza mrukaji.

Tuanze na injini. Mrukaji anayeanguka kifudifudi, mikono na miguu ikiwa imetandazwa, huongeza mwendo kwa muda wa sekunde kumi hivi. Kadiri mwendo unavyoongezeka, ukinzani wa hewa nao huongezeka, mpaka unalingana na uzito wake. Hapo mwendo hauongezeki tena. Hubaki karibu kilometa 190 kwa saa, yaani mita 53 kwa sekunde. Katika sekunde kumi za kwanza huwa ameshuka kiasi cha mita 300. Tuseme anafungua mwavuli wake akiwa mita 1,200 juu ya ardhi. Akiruka kutoka mita 3,000, atakuwa na sekunde 38 za kuanguka huru. Akiruka kutoka mita 4,000, atakuwa na sekunde 57. Mita 1,000 za nyongeza zimemletea karibu sekunde 19 zaidi, na hizo ndizo anazozilipia nauli.

Lakini mita hizo za juu ndizo ngumu kuzipata. Katika kimo cha mita 4,000 densiti ya hewa ni kiasi cha theluthi mbili tu ya ile ya usawa wa bahari. Injini ya pistoni ya kawaida huvuta hewa kwa ujazo ule ule katika kila mzunguko. Ikiwa hewa ni nyepesi, oksijeni inayoingia ni kidogo na nguvu hupungua karibu kwa kiwango hicho hicho. Kwa hiyo Cessna 182 iliyojaa hupanda kwa bidii mwanzoni, kisha hujikokota. Kufikia mita 3,000 huweza kuchukua dakika 25, na vilabu vingi huridhika na kimo hicho.

Injini ya turbini nayo huathirika na wepesi wa hewa; haina uchawi wowote. Ubora wake ni kwamba ni nyepesi mno kwa nguvu inayotoa. Injini ya Cessna 182 ina uzito wa kilo 180 hivi kwa nguvu farasi 230. Injini ya aina ya PT6, iliyofungwa katika Twin Otter, ina uzito wa kilo 150 hivi na hutoa nguvu farasi 620. Kwa hiyo mhandisi anaweza kuipa ndege nguvu ya akiba, nayo ikapanda hadi mita 4,000 kwa muda usiozidi sana robo saa.

Mwanafunzi anaweza kuyapima haya mwenyewe. Twin Otter iliyojaa ina tungamo la kilo 5,670. Kuiinua mita 4,000 kunahitaji nishati ya 5,670 × 9.8 × 4,000, yaani karibu juli milioni 222. Ikipanda kwa sekunde 1,000, ambazo ni kama dakika 17, nguvu inayotumika kuinua peke yake ni kilowati 222. Injini zake mbili kwa pamoja zaweza kutoa kilowati 925. Basi, hata katika ndege inayosifiwa kwa kupanda, robo tu ya nguvu huinua mzigo. Nyingine hupotea katika rafadha, katika kuisukuma hewa, na katika ule upungufu wa nguvu unaotokea juu. Mwalimu akitaka, awape wanafunzi wafanye hesabu hiyo kwa Cessna 182 yenye kilo 1,338 inayopanda mita 3,000 kwa sekunde 1,500. Watapata kilowati 26 kati ya 172, ambayo ni kama asilimia 15.

Kushuka nako kuna thamani yake. Injini ya pistoni inayopozwa kwa hewa haipendi kupoa ghafla baada ya kupanda kwa muda mrefu ikiwa moto, hivyo rubani hulazimika kuteremka kwa uangalifu. Rubani wa turbini huweza kuielekeza pua chini mara tu mrukaji wa mwisho anapotoka. Bingwa wa mambo haya ni Pilatus Porter ya Uswisi, ndege yenye pua ndefu na umbo lisilo na madaha, ambayo mapanga ya rafadha yake hugeuzwa yakawa breki angani. Kwa kushuka kwa mwinamo mkali, mara nyingi hufika ardhini kabla ya wale iliyowaacha juu. Kiwanda kilikoma kuiunda mwaka 2022, lakini zilizopo zinaendelea kufanya kazi katika vilabu vingi vya Ulaya.

Baada ya injini huja mlango, na hapa mapenzi ya warukaji hutofautiana zaidi. Wengi hudhani kwamba mtu akitoka katika ndege huanguka wima kama embe kutoka mtini. Sivyo. Kwa sababu ya inesha, mrukaji hutoka akiwa na mwendo ule ule wa ndege kuelekea mbele, kwa kawaida kiasi cha kilometa 165 kwa saa. Kwa hiyo upepo wa kwanza anaokutana nao hautoki chini, unatoka mbele. Kadiri mwendo wa mbele unavyopungua na wa chini unavyoongezeka, upepo huo huhama polepole kutoka usoni mwake hadi chini ya tumbo lake, na njia yake angani huwa tao. Hii ndiyo sababu mrukaji kutoka ndege hasikii sana ile hali ya moyo kuruka anayoisikia mtu akidondoka ghafla. Tangu dakika ya kutoka anao upepo wa kuuegemea. Anayeruka kutoka baluni lililotulia hana upepo huo, na kwa sekunde chache za kwanza mikono na miguu yake haina cha kushika.

Katika Cessna 182 mlango hufunguka kuelekea juu chini ya bawa. Mrukaji hukanyaga ngazi ndogo iliyo juu ya gurudumu, hushika nguzo ya bawa, na huachia kifua chake kikiwa tayari kimeelekea upepo. Kwa mwanafunzi hakuna darasa zuri kuliko hili, na wakongwe wengi wenye maelfu ya miruko bado huizungumzia nguzo ile kwa mapenzi. Twin Otter ina mlango mpana upande wa kushoto, karibu na mkia, na juu yake hufungwa mpini wa nje, ili watu kadhaa waning'inie ubavuni huku wenzao wakisubiri ndani.

Upana huo si anasa. Chukua kundi linalotaka kushikana mikono angani. Mtu aliyetoka sekunde tatu kabla ya mwenzake ameshashuka mita arubaini na kitu, kwani kushuka kwa mwanzo hukaribia 5 × 3 × 3. Kadiri mlango ulivyo mwembamba, ndivyo foleni inavyorefuka na ndivyo wa mwisho anavyolazimika kupiga mbizi ndefu zaidi kuwafuata. Kwa sababu hiyo Short Skyvan ya Ireland ya Kaskazini, iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1963 na ambayo kwa kweli inafanana na kontena lililobandikwa mabawa, ina wapenzi sugu. Nyuma yake hufunguka yote, na kundi zima laweza kukimbia na kutoka pamoja bila kuhofia mkia. Tarehe 8 Februari 2006, watu 400 waliposhikamana kwa wakati mmoja juu ya Udon Thani nchini Thailand, walikuwa wamepandishwa na ndege tano za kijeshi za C-130 Hercules, zenye milango ya nyuma ya aina hiyo, hadi kimo kilichohitaji kupumua oksijeni ya mitungi.

Ndege za jeti zina utamu wake kwa wanaopenda mambo mageni, lakini hazikuwa kamwe ngazi ya kila siku. Kani ya upepo hukua kwa kipeo cha pili cha mwendo: mwendo ukizidi mara mbili, kani huzidi mara nne.

Sasa lile jambo linaloua. Ndege angani hulingana kama mzani juu ya kitovu chake cha uzito, na kitovu hicho hakina budi kubaki ndani ya eneo dogo lililopimwa na watengenezaji. Kikisogea nyuma mno, pua hutaka kuinuka, mkia hukosa uwezo wa kuirudisha, na ndege huacha kujisawazisha yenyewe. Ndege ya abiria hubeba mzigo uliotulia. Ndege ya warukaji hubeba mzigo unaotembea, tena unaotembea kuelekea mlango ulio nyuma, wakati ule ule rubani anapopunguza mwendo. Warukaji kumi wenye kilo 90 kila mmoja, pamoja na vifaa, wakijongea mita mbili kwenda nyuma katika ndege ya kilo 5,400, kitovu cha uzito huhama kwa 900 × 2 ÷ 5,400, yaani sentimita 33. Bawa la Twin Otter lina upana wa takriban mita mbili kutoka ukingo wa mbele hadi wa nyuma, kwa hiyo kitovu kimehama moja ya sita ya upana huo kwa hatua chache za miguu. Katika ndege ndogo hali ni mbaya zaidi, maana watu ni sehemu kubwa ya uzito wote.

Tarehe 14 Julai 2019, karibu na mji wa Umeå nchini Sweden, ndege ya injini moja aina ya GippsAero Airvan iliyobeba rubani na warukaji wanane ilipoteza usawa ikiwa katika kimo cha kurukia, ndani ya hali mbaya ya mawingu. Ilivunjika ikianguka. Wote tisa walikufa, ingawa wanane kati yao walikuja kwa nia ya kuruka. Wachunguzi walieleza kwamba mwendo ulikuwa mdogo na kwamba uzito uliolemea nyuma uliifanya ndege isitulie, huku rubani akizidiwa na kazi. Ndani ya ndege inayozunguka, mtu hubanwa ukutani kwa kani inayoweza kumzuia hata asiufikie mlango ulio wazi mita moja tu mbele yake.

Twin Otter nayo, pamoja na sifa zake zote, haina kinga. Tarehe 22 Aprili 1992 huko Perris, California, mojawapo ilianguka mara baada ya kuruka kwa sababu ya mafuta yaliyochanganyika na maji. Kati ya watu 22 waliokuwamo, 16 walikufa. Kisa hicho kilitilia mkazo suala la mikanda, kwani miili isiyofungwa hutupwa mbele kama magunia na kuumizana.

Kwa hiyo mrukaji mzoefu anapoikagua ndege ngeni, haangalii mlango peke yake. Huuliza warukaji wangapi wanaruhusiwa kusimama nyuma kwa wakati mmoja, huangalia kama mikanda imefungwa sakafuni imara, na husubiri ishara ya rubani kabla ya kusogea. Kundi kubwa hukaa limebanana kuelekea mbele mpaka wale walio mlangoni wametoka, na rubani huongeza nguvu kidogo na kuishusha pua kuwasubiri wanaofuata.